Uchache wa Maswali si Udhuru

Ndugu wanachama na makarani wenzetu,

Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili ni letu hasa, maana wengi wetu tumekabidhiwa madaftari ya watu, na riziki yetu yatoka katika mistari ya leja. Lakini siku hizi kushika daftari peke yake hakutoshi. Yampasa mshika daftari awe na cheti kinachomshuhudia mbele ya watu ya kwamba ajua anachokiandika, na ajua sababu ya kukiandika. Katika nchi yetu cheti hicho hutolewa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, ile tuijuayo kwa herufi zake NBAA, iliyoundwa kwa Sheria Namba 33 ya mwaka 1972. Mitihani yake mikuu huwa Mei na Novemba. Nasi tukaao Buguruni twayatambua majira hayo pasipo kutazama kalenda, kwa kuwa taa za vyumba kadha wa kadha huwaka mpaka usiku wa manane.

Katika majira hayo husikika lalamiko moja, nalo hurudiwa kila mwaka kama kibwagizo: "Tungefaulu, lakini maswali ya kujizoeza ni machache mno." Lalamiko hili husemwa katika daladala ziendazo Kariakoo, husemwa ofisini wakati wa chai, na aghalabu husemwa kwa sauti kubwa zaidi siku ile matokeo yatokapo. Twaomba ruhusa ya kulipima leo katika gazeti letu hili. Shauri letu ni kwamba nusu yake ni kweli, na ni haki isemwe; lakini nusu ya pili imekuwa mto wa kulalia, nayo yatudhuru kuliko huo uchache wenyewe.

Kwanza yafaa tukumbushane kwa nini jambo hili si dogo. Katika utumishi wa Serikali, cheti cha daraja la kati cha Bodi huhesabiwa pamoja na shahada au stashahada ya juu ya uhasibu kuwa ni sifa ya kuajiriwa mhasibu. Maana yake ni kwamba karani ambaye baba yake hakuweza kumpeleka chuo kikuu anao mlango wake mwenyewe, na ufunguo wa mlango huo ni mtihani. Asiyeufungua hubaki nje. Sote twaijua hali hii: karani aliyeshika daftari la fedha taslimu miaka kumi humpokea kijana aliyeajiriwa jana, akamfundisha hati ya malipo ijazwavyo, akamwonyesha usuluhishi wa benki ufanywavyo, na baada ya miezi michache kijana yule ndiye atiaye sahihi juu ya kazi ya mwalimu wake. Kijana hana kosa lo lote. Amekuja na karatasi, na mwenzetu hana. Basi tusemapo juu ya maswali ya kujizoeza, twasema juu ya heshima ya mtu mzima, juu ya ada ya watoto wake, na juu ya pensheni atakayokula uzeeni.

Sasa na tuipe ile nusu ya kweli haki yake. Bodi hutoa karatasi za mitihani iliyopita pamoja na majibu yake, na hilo twalishukuru. Lakini hesabu yake ni nyepesi kufanya. Kwa mitihani mikuu miwili kwa mwaka, somo moja hupata karatasi mbili. Mtaala ukiwa na umri wa miaka mitatu, zipo karatasi sita tu zilizotungwa juu yake. Mtu akifanya karatasi moja kila juma, katika juma la saba hana jipya la kufanya, na mtihani bado u mbali. Huko nyuma ziko karatasi nyingine nyingi, walakini kuzitumia bila hadhari ni sawa na kula dawa iliyopita siku zake.

Twatoa mfano wa kodi, kwa kuwa kila karani aujua mshahara wake. Mtu mwenye mshahara wa shilingi 300,000 kwa mwezi, baada ya kutoa yale yasiyotozwa kodi, alikatwa kiasi gani hapa Tanzania Bara? Mwaka 2019 kima kisichotozwa kilikuwa shilingi 170,000, na kilichozidi hapo kilitozwa 9 kwa 100. Kwa hiyo alikatwa shilingi 11,700. Tangu Julai 2020 kima hicho kikapandishwa kuwa shilingi 270,000; basi kwa mwaka ule alikatwa shilingi 2,700. Julai 2021 kiwango cha ngazi ile ya kwanza kikashushwa kuwa 8 kwa 100, makato yake yakawa shilingi 2,400. Mtu ni yule yule, mshahara ni ule ule, na majibu ni matatu. Mtahiniwa aliyelishika jibu la kwanza kwa moyo, na kuliandika mbele ya msahihishaji ambaye sheria iko mezani pake, amejipunja mwenyewe, hata kama hesabu yake ya kuzidisha haina doa.

Na si kodi peke yake. Nchi yetu ilianza kuvifuata viwango vya kimataifa vya kutoa taarifa za hesabu tarehe 1 Julai 2004, navyo viwango hivyo havikai mahali pamoja. Chukueni habari ya kukodi. Mfanyabiashara amekodi ghala kwa miaka mitano, hulipa shilingi 1,000,000 kila mwisho wa mwaka, na kiwango cha riba ni 10 kwa 100. Kwa taratibu ya zamani iliyotumika katika ukodi wa namna hii, aliandika gharama ya shilingi 1,000,000 kila mwaka, na mizania yake haikuonyesha ghala wala deni. Lakini tangu tarehe 1 Januari 2019, kiwango kiitwacho IFRS 16 kimemtaka aandike katika mizania haki ya kulitumia ghala na deni la kodi, kila moja shilingi 3,790,787, ndiyo thamani ya leo ya malipo yote matano. Katika mwaka wa kwanza huandika uchakavu wa shilingi 758,157 na riba ya shilingi 379,079, jumla 1,137,236. Katika mwaka wa tano jumla hiyo hushuka kuwa 849,066. Kwa miaka yote mitano gharama ni shilingi 5,000,000 kwa njia zote mbili; kilichobadilika ni mwaka upi hubeba mzigo mkubwa, na nini huonekana katika mizania. Karatasi ya mwaka 2016 haiwezi kumfundisha mtu haya. Na mabadiliko hayajakoma: kiwango kipya cha kupanga taarifa za fedha, IFRS 18, kilitolewa Aprili 2024, na kimewekewa tarehe 1 Januari 2027 kuwa mwanzo wa kutumika kwake.

Tena kuna mzigo wa lugha. Wengi wetu tulisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, twazungumza Kiswahili na wateja madirishani, twagombana na kupatana kwa Kiswahili. Lakini mtihani huu ni wa Kiingereza, na neno moja lisilofahamika katika swali laweza kuipoteza robo saa nzima. Tena kuna mzigo wa siku. Karani hutoka nyumbani alfajiri, hurudi magharibi, na akifika Buguruni hupokewa na kelele za soko, muziki wa jirani, na watoto waliomngoja mchana kutwa. Haya yote twayakiri. Mwenye kulalamika hakuzua jambo.

Walakini, ndugu zetu, na tutazame jinsi tunavyoyatumia hayo maswali machache tuliyo nayo. Hapo ndipo maneno yetu yatakuwa machungu kidogo, nasi twaomba yapokewe kwa moyo wa kindugu.

Desturi iliyoenea ni hii. Mtu hupata karatasi ya mtihani iliyopita pamoja na majibu yake. Hulisoma swali, huona ni refu, huligeuza jani na kulisoma jibu. Hutikisa kichwa na kusema, "Naam, hivi ndivyo." Kisha huendelea na la pili. Kwa jioni tatu amemaliza karatasi nzima, naye huamini ya kwamba amefanya maswali, kumbe ameyasoma tu kama asomavyo gazeti la Jumapili. Kutambua jibu la mtu mwingine ni kazi moja. Kulitoa jibu katika karatasi nyeupe, saa ikienda, ni kazi nyingine kabisa. Mtu aweza kuitazama ngalawa ikichongwa mwaka mzima, na siku akipewa tezo mkononi asijue pa kuanzia.

Na hili halisemwi nasi tu. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walieleza majaribio waliyoyafanya kwa wanafunzi. Baadhi yao walisoma habari fulani, kisha wakaisoma tena. Wengine waliisoma, kisha wakafunga karatasi na kujitahidi kuyaandika waliyoyakumbuka. Walipoulizwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma ndio walioongoza. Lakini walipoulizwa baada ya juma moja, waliojijaribu wenyewe waliwapita wenzao. Hapa ndipo ulipo mtego: kusoma jibu hutufurahisha usiku ule ule, na kututupa siku ya mtihani. Kujijaribu hutuumiza usiku ule, na kutufaa baadaye.

Kosa la pili ni kukariri. Kwa kuwa maswali ni machache, mtu huyashika yote kwa moyo pamoja na tarakimu zake, akitumaini kwamba moja litarudi. Mtunzi wa mtihani naye si mjinga. Hulirudisha jambo lile katika nguo nyingine. Swali lililokuwa juu ya kiwanda cha sabuni huja juu ya hospitali, na mtu aliyekariri sabuni huanza kuitafuta sabuni hospitalini.

Kosa la tatu ndilo la aibu, nalo hatuna budi kulitaja. Ikikaribia Mei au Novemba hupita minong'ono ya kwamba fulani anazo karatasi "zenyewe". Wako watu wanaotoa akiba ya mwezi mzima ili kununua uvumi. Tena wako wauzao majibu yaliyochapwa kwa mashine ya kunakili, hayana jina la mwandishi wala mwaka, na tumeyaona sisi wenyewe mengine ambayo urari wake haukutimia. Pande mbili zilipishana, na muuzaji hakujali. Mhasibu ni mtu aliyewekwa alinde mali ya watu. Mtu atakayeingia katika kazi hiyo kwa mlango wa wizi, huyo atalinda nini? Na akinunua uvumi ukawa wa uongo, atamshitaki nani?

Basi dawa ni nini? Sisi twaona ziko tatu, na hakuna hata moja iliyo ghali.

Dawa ya kwanza ni kulifanya swali moja mara tatu, kila mara kwa namna yake. Mara ya kwanza fanya pasipo kutazama jibu, mbele yako saa, na usisimame mpaka wakati wake umekwisha, hata kama karatasi ni tupu nusu. Kisha sahihisha kwa kalamu nyekundu, na katika daftari dogo andika sababu ya kila alama uliyoikosa: je, hukuijua kanuni, au hukulifahamu swali, au ulikosea kujumlisha? Makosa haya matatu yana dawa tofauti, na mtu asiyeyatenganisha hutibu tumbo kwa dawa ya jino. Mara ya pili, baada ya siku saba, lifanye tena bila kutazama kazi yako ya kwanza. Mara ya tatu, badili jambo moja katika swali, ukalifanye jipya. Karatasi sita zikitumiwa hivyo ni karatasi kumi na nane.

Na zile karatasi za zamani tusizitupe. Tuzifanye kuwa zoezi lenyewe: chukua swali la kodi la mwaka 2019, lifanye kwa sheria ya wakati ule, kisha lifanye kwa sheria ya leo, na uandike kwa mistari mitatu nini kilichobadilika. Mtu afanyaye hivi hujifunza sheria mbili kwa swali moja, na hatadanganywa tena na jibu la zamani.

Dawa ya pili ni kutunga maswali yetu wenyewe. Hapa makarani wa Buguruni na Kariakoo tuna utajiri ambao watu wa mbali hawana. Twaishi katikati ya biashara. Tazameni mfano huu, nao wautosha usiku mmoja. Mchuuzi wa Kariakoo alinunua mashati 40 kwa shilingi 6,000 kila moja, kisha mashati 60 kwa shilingi 7,000. Aliuza 70 kwa shilingi 10,000 kila moja. Faida yake ni ngapi? Kwa kanuni ya kilichotangulia kuingia ndicho kilichotangulia kutoka, mashati 30 yaliyobaki ni ya shilingi 210,000, na faida ni 250,000. Kwa kanuni ya wastani, kila shati ni shilingi 6,600, yaliyobaki ni ya shilingi 198,000, na faida ni 238,000. Hayo ni maswali mawili tayari. Sasa tuseme mvua za masika ziliingia stoo, na katika yale 30 mashati 10 yamelowa, hayawezi kuuzwa zaidi ya shilingi 5,000. Kwa kuwa bidhaa haiandikwi kwa thamani iliyo juu ya ile itakayopatikana ikiuzwa, zile 210,000 hushuka kuwa 190,000, na faida hushuka kuwa 230,000. Hilo ni la tatu. La nne: kwa nini haturuhusiwi kusema kwamba kilichoingia mwisho ndicho kilichotangulia kutoka? Jibu lake li katika kiwango cha kimataifa namba 2 kama kilivyosahihishwa, ambacho kimeikataza njia hiyo tangu mwaka 2005. Na la tano ni la mkaguzi: utathibitishaje ya kwamba mashati yaliyolowa ni 10, wala si 20? Shati moja limezaa maswali matano, na hatujatoka sokoni.

Kwa somo la ukaguzi, hazina iko wazi kwa kila raia. Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoa taarifa zake, kama Katiba yetu inavyoagiza katika Ibara ya 143, nazo hupelekwa Bungeni na kusomwa na kila apendaye. Ndani yake mna malipo yasiyo na viambatisho, masurufu yasiyorejeshwa, na mali zisizoandikwa katika rejista. Kila hoja ni swali. Soma hoja, funika shauri la mkaguzi, kisha uandike mwenyewe: udhaifu ni upi, madhara yake ni nini, ushahidi gani ungeutafuta, na ushauri wako ni upi? Halafu fungua ulinganishe. Ni mwalimu gani wa kulipwa atakayetupa bora kuliko haya?

Kwa somo la kuchambua hesabu, mabenki hutangaza taarifa zao magazetini kila robo ya mwaka, na makampuni yaliyoandikishwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza kuuza na kununua hisa mwaka 1998, hutoa hesabu zao za mwaka hadharani. Gazeti lile tunalofungia maandazi lina mizania ndani yake. Tena tusiwasahau jirani zetu. Kenya wana bodi yao ya mitihani, KASNEB, iliyoanzishwa mwaka 1969, na Uganda wana chama chao cha wahasibu, ICPAU. Viwango vya kimataifa wavifuatavyo ni hivi hivi vyetu. Kwa hiyo maswali yao ya taarifa za fedha, ya ukaguzi, na ya usimamizi wa fedha yatufaa. Ila maswali yao ya kodi tuyaache, maana kila nchi hutoza kwa sheria yake.

Dawa ya tatu ndiyo inayokihusu chama hiki, nayo ndiyo sababu ya kuandika. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka 1922 huko Tanga, Martin Kayamba na wenziwe, watumishi wa Serikali Waafrika, waliunda chama chao, kwa kuwa waliona ya kuwa mtumishi aliye peke yake hana sauti. Hawakungoja mtu aje kuwaundia. Nasi tukitaka kuvirithi vyama vya namna ile, na tuonyeshe urithi huo kwa matendo. Kwa hiyo twaleta mbele ya mkutano mkuu ujao mambo manne.

Jambo la kwanza, chama kinunue seti moja kamili ya vitabu na karatasi za Bodi kwa kila daraja, ziwekwe katika kabati yenye daftari la kuazima. Mtu mmoja mmoja akinunua, huumia. Watu arobaini wakichanga, hawaumii. Haba na haba hujaza kibaba.

Jambo la pili, liwepo baraza la kujifunza kila Jumamosi alasiri. Twasema alasiri kwa kusudi, maana dada zetu wengi hawawezi kurudi usiku peke yao, na mafunzo ya usiku yamewafungia nje miaka mingi. Kazi ya baraza isiwe hotuba. Kila mtu aje na swali moja alilolitunga na jibu lake katika bahasha. Wabadilishane, wafanye kwa saa, kisha wasahihishane. Watu kumi na wawili wakikutana Jumamosi kumi, hayo ni maswali 120, tena yaliyotungwa juu ya sheria ya mwaka huu. Ndipo tutakapouliza tena kama maswali ni machache. Na asiye na mahali pa kusomea siku nyingine, Maktaba Kuu ya Taifa iliyofunguliwa tarehe 9 Desemba 1967 iko pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, wala si mbali na Kariakoo.

Jambo la tatu, wale waliokwisha kufaulu watupe saa mbili kwa mwezi. Hapa twasema kwa upole, lakini twasema. Wako walioupata ufunguo, wakaufunga mlango nyuma yao, karatasi zao zimo sandukuni zaliwa na mchwa, nao wakiulizwa husema, "Someni, kama nilivyosoma mimi." Mabwana na mabibi hawa hatuwatukani, twawakumbusha tu ya kwamba elimu ikigawanywa haipungui. Mwenye cheti asitupe majibu, bali atusahihishie maswali tuliyoyatunga, maana hatari ya kutunga wenyewe ni kufundishana makosa. Hiyo ni hatari ya kweli, na jicho la aliyefaulu ndiyo kinga yake.

Jambo la nne, chama kiiandikie Bodi barua ya adabu. Tuishukuru kwa yale itoayo, na tuiombe ya kwamba kiwango au sheria inapobadilika kwa namna kubwa, itolewe mapema karatasi ndogo ya mifano michache yenye majibu, ili mtahiniwa wa kwanza wa sheria mpya asiwe kama mtu wa kuvuka mto usiojulikana kina. Ombi la watu wengi lenye sababu husomwa. Manung'uniko ya mtu mmoja katika daladala hayasomwi na mtu.

Wako watakaosema, "Haya yote ni mema, lakini wakati hatuna." Twawajibu kwa hesabu, kwa kuwa sisi ni watu wa hesabu. Swali moja kila siku ya kazi, nusu saa tu kabla ya kulala, ni maswali matano kwa juma. Kwa majuma ishirini ni maswali 100. Mtu asiye na nusu saa kwa siku hawezi kupata wakati hata akiletewa maswali elfu. Wengine watasema ya kwamba swali lililotungwa na karani haliwezi kulingana na la Bodi. Ni kweli, lakini mtu ajifunzaye kuogelea katika kijito hazami upesi baharini kama yule aliyekaa ufukoni akilalamika kwamba bahari iko mbali.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Maswali ya Bodi yataendelea kuwa machache, kwa kuwa mwaka una Mei moja na Novemba moja. Ila soko la Buguruni hufunguliwa kila asubuhi, magazeti hutoka na mizania zake, taarifa za mkaguzi zi wazi, na sisi tu wengi. Mwenye shauri lililo bora kuliko hili na aliandike katika toleo lijalo, nasi tutalisoma kwa furaha. Asiye na shauri, tumwone Jumamosi na swali lake katika bahasha.

Wasalaam,

Karani Mwenzenu,
Buguruni.